Barua kwa mwanangu: safari hii liache tui likatike

Mwanangu, baba, salamu nyingi, huku hatujambo.

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Umeniambia umenunua kopo la pesti nyekundu ya Kithai, ile ya viungo vya mchuzi vilivyotwangwa tayari, hapo Manchester, ukatia kuku, ukatia tui, ukatia pesti, ukafunika kama tunavyofanya nyumbani, na kikatoka kimchuzi chembamba cha rangi ya waridi, chumvi juu, pilipili iko upande wake na nazi iko upande wake. Unauliza kama pesti za dukani ndo mbovu na kama ununue kinu utwange mwenyewe. Kinu acha kwanza baba. Pesti yako haina neno, shida iko kwenye tui, na hilo umelitoa kwangu kwa sababu mi ndo niliyekufundisha mchuzi wa nazi.

Kumbuka kwetu Tanga tunafanyaje. Tui la kwanza zito unaliweka pembeni, unapikia lile la pili jepesi, kila kitu kinaivia humo, halafu tui zito linaingia mwisho kabisa huku unakoroga polepole, moto mdogo, roho juu lisije likakatika, maana likikatika mafuta yakaelea bibi yako alikuwa anahesabu mchuzi umeharibika. Sasa Wathai wanaanzia hapo hapo tunapopaogopa sisi.

Mi nilikuja kuliona hilo enzi zile naenda Bangkok kufungasha nguo za duka, pale Pratunam. Kulikuwa na mama mmoja ana kibanda cha chakula kichochoroni karibu na nilipokuwa nalala, mi nilikuwa namwita Pa, kwao ni kama kusema shangazi, na kila jioni nikishamaliza mizigo nakaa pale. Siku moja nikamkuta ndo anaanza kupika. Akatia tui zito peke yake kwenye sufuria, hamna maji, hamna kitunguu, akaliacha linachemka linapungua mpaka likaanza kutoa vitone vya mafuta pembeni, na ile sauti ikabadilika, ikawa sio ya kuchemka tena, ikawa ya kukaanga. Mi moyoni nasema huyu mama tui limemkatikia, namwonea huruma, kumbe ndo alikuwa anangojea. Hapo akatia pesti, akaikaanga ndani ya yale mafuta ya nazi, na harufu iliyotoka hapo mwanangu mpaka leo naijua.

Sababu yake ni hii. Harufu ya pilipili, ya mchaichai, ya galangali (yule ndugu yake tangawizi), inatoka vizuri kwenye mafuta, kwenye maji haitoki vile. Ni kama vitunguu vya pilau, hakuna anayevitia kwenye maji akategemea vitapata rangi. We pesti yako uliichemsha ikabaki mbichi, ndo maana ladha zikakaa mbalimbali.

Na usione haya kununua. Sokoni kule wanauza pesti kwenye mabeseni, vilima vya nyekundu, kijani, manjano, watu wanapimiwa wanaenda nayo nyumbani, na ni wenyewe hao. Kuitwanga ni kazi, kuna pilipili kavu, mchaichai, galangali, vitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu, mizizi ya giligilani, ganda la ndimu yao ile yenye mikunjo, na mara nyingi kapi, yaani kamba waliosagwa na chumvi wakachachushwa. Kwa hiyo chumvi ishaingia tayari, usitie hata punje mpaka uonje mwisho. Na kama una mgeni asiyekula kamba usome lebo, zingine zina zingine hazina, pesti ya kampuni ya Mae Ploy ile ya kopo la plastiki inayo tena chumvi yake iko juu kidogo. Ya kampuni ya Maesri ni vile vikopo vidogo vya gramu 114, kimoja kizima kinatosha makopo mawili ya tui, watu wanne wanashiba vizuri. Kwa Mae Ploy anza na vijiko viwili vya mezani kwa kopo moja la tui la mililita 400, safari ijayo ndo uongeze.

Tui sasa. Kopo usilitikise! Fungua taratibu, juu utakuta limeganda zito, hilo chota nusu kikombe utie kwenye sufuria moto wa kati, uache dakika tano, saba, hata kumi, usiondoke. Lakini soma nyuma ya kopo, ukikuta wameandika vitu vya kulishikisha lisiachane, hilo hata ulichemshe mpaka kesho mafuta hayatoki, basi usigombane nalo, tia kijiko cha mafuta ya kupikia ukaangie pesti humo halafu ndo tui lifuate. Ukipata tui la kampuni ya Aroy-D, lile la paketi, ni nazi tupu, hilo linakubali.

Mafuta yakionekana tia pesti, igandamize na mwiko, izungushe dakika mbili tatu mpaka iwe nyekundu iliyokolea na mafuta mekundu yaizunguke. Kuku mtie hapo, mapaja bila mfupa kama nusu kilo, kifua kinakauka, mgeuze kidogo apate rangi, ndo mimina tui lililobaki na maji kidogo ukitaka. Kuku akikaribia kuiva tia biringanya au maharage machanga, kule wanatia vibiringanya vya duara vya kijani, ukiviona utasema ngogwe hizi. Mwisho sosi ya samaki kijiko cha chai, sukari yao ya mnazi au sukari guru kijiko cha chai, onja, ongeza moja moja. Ukizima ndo tia majani. Ya ile ndimu yao utayapata kwenye friza za maduka ya Wachina, yachane kwa mkono, na yale mengine wanaita horapha, ukoo mmoja na mrehani wetu ila yana ka-harufu ka shamari. Usiyachemshe, yanakufa.

Wali wake upike mweupe, usitie chumvi wala mafuta wala nazi, mchuzi una kila kitu.

Ya kijani inapikwa hivyo hivyo, ila pilipili zake ni mbichi na inaweza kukuunguza kuliko nyekundu, rangi isikudanganye. Na ukizoea nunua pesti ya massaman, hiyo ndo baba yako aliyokuwa ananiagiza kila nikisafiri. Jina lake lenyewe linasemekana ni la Waislamu, na ukiifungua utanusa iliki, mdalasini, karafuu, kungumanga, utadhani uko jikoni kwa bibi yako siku ya Idi. Hiyo ni ya nyama ya ng'ombe, nyama ianze kwenye tui jepesi saa moja na nusu au mbili mpaka ilainike, pesti ukaange kwenye sufuria nyingine na tui zito kama nilivyosema, uchanganye, ndo viazi, karanga na ukwaju.

Pesti ikibaki igawe kijiko kijiko kwenye mfuko uweke friza, inakaa miezi.

Jumamosi ukijaribu tena nipigie video ukifika pale tui linapokatika, kabla hujatia pesti, nataka nilisikie linavyolia.

Mama yako