"Mtandao uko chini" au "umekatika"?

Msomaji wa Morogoro ameniandikia: "Mwalimu, nikimwambia mwenzangu kazini kwamba mtandao umekatika, ananisahihisha. Anasema kinachokatika ni kamba, mtandao husemwa 'uko chini'. Nani kati yetu yuko sahihi?"

Wewe, ndugu yangu, na usirudi nyuma hata hatua moja.

"Mtandao uko chini" ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Kwetu kitu kikiwa chini kipo sakafuni, ardhini, bondeni, hakijaharibika. Tena mtandao huu wa intaneti mahali pake ni huko huko chini. Mkongo wa EASSy, waya mnene unaobeba intaneti, kilomita 10,000 hivi kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, umelazwa baharini, na ulianza kazi 2010. Kusema uko chini ni kutaja makazi yake, si ugonjwa wake.

Neno "mtandao" lenyewe latoka kwenye kutanda, ndugu wa utando wa buibui. Wazee walitanda kamba kwenye kitanda (wengine husema kuwamba). Kitazame kitanda hicho kwa karibu: kamba haipenyi ndani ya kamba nyingine, hupita juu yake au chini yake, tundu la mfumbati (mti wa ubavuni mwa kitanda) likijaa, kamba ya ziada haiingii, na kila pima inayoongezwa ina gharama yake. Mitandao yote yenye mwili, kama mikongo ya baharini na barabara za mjini, inafuata sheria hiyo hiyo. Njia panda hupokea njia nne, pengine tano. Ishirini haziwezekani, ardhi haitoshi.

Sasa sikiliza Kiswahili kinavyojua jambo hili. Umeme hukatika. Maji hukatika. Mvua kubwa ikizoa daraja, barabara imekatika. Lakini safari ya ndege haikatiki hata siku moja: huahirishwa au hufutwa, kwa sababu njia ya angani haina mwili wa kukatwa. Ndiyo maana kiwanja kimoja cha ndege huweza kuungana na miji zaidi ya 100, jambo lisilowezekana kwa njia panda yoyote. Kitenzi chetu kimetenganisha mitandao yenye mwili na isiyo nao, na huyo mwenzako anataka tukitupe!

Februari 2012, nanga ya meli ilikata mkongo wa TEAMS nje ya bandari ya Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na mkongo mwingine, Seacom, ilikatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Miwili kwa mpigo! Pwani ni moja, sehemu za kutua ni chache, basi mikongo nayo hulazwa jirani jirani, na balaa la mmoja huwa la wote wawili. Siku ile nilisikia "uko chini" kutwa nzima, hata redioni, wakati kilichotokea kilikuwa na jina lake tangu enzi za kamba za usumba.

"Mtandao unasumbua" nauachia upite. Ni lawama ya mtu aliyechoka kusubiri, na haidai kueleza chanzo. "Uko chini" siuachii.

Mwenzako akikusahihisha tena, mwulize umeme wa nyumbani kwake hufanya nini nguzo ikianguka.