Maduara Meupe Katika Picha za Mvua

SWALI: Ndugu Mhariri, usiku wa hitima ya babu yetu mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha, nami nikapiga picha uani kwa kamera ndogo ya dijitali. Yametokea maduara meupe yanayoelea hewani, na moja limejificha nusu nyuma ya bega la mjomba, aliyekuwa amevaa kanzu nyeupe. Simu ya binamu yangu haikuonyesha duara hata moja. Shangazi anaamini kuwa ni roho ya marehemu. Ni nini hasa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, poleni sana kwa msiba. Hayo ni matone ya mvua yaliyokuwa yakipita karibu na lenzi wakati flashi ilipowaka. Katika kamera ndogo flashi hukaa jirani na lenzi, hivyo mwanga unaolipiga tone hurudi moja kwa moja ndani ya kamera. Na kwa kuwa mwanga hufifia kwa mraba wa umbali, tone lililo sentimita 20 kutoka kwenye flashi hupata mwanga mara 100 zaidi ya mtu aliyesimama mita 2. Kamera ilikuwa imewalenga watu, kwa hiyo tone haliwezi kuonekana kwa ukali wake, bali hutanuka likawa duara.

Flashi hiyo huwaka kwa muda mfupi mno, aghalabu chini ya sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, na tone huonekana kana kwamba limesimama. Taa ya simu ni hafifu zaidi na hubaki imewaka muda wote wa kupiga picha, kwa hiyo tone likipita huacha mstari mwembamba tu, au lisionekane kabisa.

Kuhusu bega la mjomba, ambalo naona ndilo lililomshawishi zaidi shangazi, duara hilo lilikuwa mbele yake, si nyuma. Ni mwanga hafifu ulioongezwa juu ya picha: penye giza la usiku unaonekana, lakini juu ya kanzu nyeupe iliyokwisha kung'aa unapotea, na jicho linadhani duara limekatwa na bega.

Mfanyie shangazi jaribio hili kwa upole, msiba ukishapoa. Usiku, mwombe mtu anyunyize maji kwa chupa ya kunyunyizia mbele ya kamera, upige picha kwa flashi. Kisha zima flashi, washa taa ya uani, upige tena pale pale. Mpe picha zote mbili azilinganishe mwenyewe.