Kivumbasi cha nyuki: hiyo dawa ya shinani usiimwage

Mkuu, rudisha hiyo chupa ya dawa dukani leo hii. Umeuliza kivumbasi kipandwe kwa mbegu au vipandikizi, kikae umbali gani na mizinga, halafu mwishoni ukachomekea kwamba umeshauriwa kukimwagia dawa shinani kwa sababu ya vidukari, vile vijidudu vinavyofyonza utomvu wa mmea. Hapo chai ilinishinda.

Mimi niliimwaga. Niko Muheza, nilikuwa na mizinga 9 na mstari wa kivumbasi unaonifika kifuani, asubuhi unavuma nyuki hadi unawasikia ukiwa barazani. Vidukari wakajaa. Muuza pembejeo akaniambia, "Hii haipulizwi, mzee. Unamwaga kwenye mizizi, nyuki haimgusi." Na asinicheke mtu, maneno yale yanaingia akilini! Kumbe hatari ndiyo hiyo. Ilikuwa imidaklopridi, dawa ya kuua wadudu: mizizi inainyonya, inapanda na utomvu mpaka kwenye jani, ua, chavua na mbochi, yale maji matamu ya ua. Nyuki hakupuliziwa sumu, aliinywa.

Wiki ya pili nikaanza kuwakuta chini ya mizinga wanatambaa, wanatetemeka, hawaruki. Wengine walitoka wasirudi. Nafungua mzinga: asali ipo, majana (watoto wa nyuki) yapo, wa kuyalisha hakuna. Nilibaki na mizinga 2. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku dawa hiyo kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki, na huyu bwana ananiuzia kama soda. Onyo la nyuki lilikuwa kwenye lebo, kwa maandishi madogo. Bado nina hasira naye.

Tena kivumbasi ni mmea wa kudumu, ukikikata kinachipua. Nikadhani nitakata, machipukizi yatakuja safi. Wapi! Dawa ile hukaa udongoni miezi mingi. Niling'oa mstari mzima, mmea wa miaka 4.

Chochote kinachotoa ua la nyuki usikipe dawa inayonywewa na mizizi. Basi. Vidukari wakizidi, kata vikonyo vilivyojaa, au nyunyiza maji ya sabuni ya mche jioni nyuki wakisharudi. Wale vijidudu wekundu wenye madoa meusi waache, chakula chao ni hao hao vidukari. Sijaona kivumbasi kilichouawa na vidukari.

Mbegu au vipandikizi, vyote vinaota, ila mbegu usizifukie chini sana. Hiyo chupa umeshaifungua?