Shangazi Ajibu: Siku nne mtoni Thames

Shangazi, shikamoo. Agosti hii mimi, mume wangu na watoto wawili tunataka kukodi boti ya kulala humo humo pale Oxford, tuteremke mto Thames hadi Windsor. Tuna siku nne. Mume wangu hajawahi kushika usukani wa chombo chochote cha majini, anauliza kama leseni inatakiwa. Mimi hata kuogelea sijui. Tutaweza?
Mama Nasra, Leicester

Marahaba, mwanangu. Baba Nasra aondoe wasiwasi, boti ya kukodi haimtaki nahodha awe na leseni. Wenye boti watamwonyesha kuiwasha, kuigeuza na kuifunga, basi.

Penye kasoro ni hesabu yenu. Boti hurudishwa ilikotoka. Oxford hadi Windsor kwa njia ya mto ni kama kilomita 110, na njiani kuna loki 23. Loki ni chumba cha maji chenye milango huku na huku: mnaingia, nyuma panafungwa, maji yanatolewa nanyi mnashuka nayo hadi mlingane na mto wa mbele. Moja hula robo saa, na Agosti kuna foleni. Mwendo wa juu kabisa unaoruhusiwa ni kilomita 8 kwa saa; wanaofanya mazoezi ukingoni watawapita hivi hivi mnawaona. Kwenda na kurudi ni loki 46. Mtalala saa ngapi?

Geuzieni Wallingford, mji ulio njiani kabla ya Windsor. Loki saba kwenda, saba kurudi. Usiku wa kwanza fungeni Abingdon, upande wa majani, mji ukiwa ng'ambo na mnara mwembamba wa kanisa la St Helen's.

Sasa la kamba, nisikilize. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimekua naona mashua na madau, nikaudharau mto. Loki ya Sandford inashuka karibu mita 2.7. Nikapiga fundo la kwetu, lile lisilofunguka, nikaingia ndani kuchemsha chai. Maji yakashuka, boti ikabaki inaning'inia ubavu, birika likasafiri mezani hadi sakafuni. Mlinzi wa loki alipiga ukelele, akayazuia maji. Sijui alisema nini, na sikumwomba arudie.

Kwenye loki kamba haifungwi. Zimeni injini. Wewe kaa omo, yaani mbele, mumeo tezi, yaani nyuma, kila mmoja azungushe kamba yake mara moja kwenye nguzo, ncha aishike mkononi, ailegeze kadiri mnavyoshuka.

Kuhusu kuogelea, wewe na watoto vaeni majaketi okozi tangu mnapanda, si mpaka boti iyumbe. Mkikuta lokini kibao chekundu cha kutahadharisha mkondo mkali, msiondoke.

Bebeni mchele na nazi, jiko lipo. Na bata maji watakuja alfajiri kugonga ubavuni mwa boti kwa midomo wakidai mkate. Nasra asiwalishe kwa mkono.