Kila nyumba iwe na kadi yake: ushauri kwa mkandarasi mdogo

Mkandarasi anayejenga nyumba za watu binafsi hauzi kitu kilekile mara mbili. Wiki hii anamwaga slabu Goba, wiki ijayo anapaua nyumba ya vyumba vitatu Bunju, na katikati kuna mtu wa Kigamboni anayetaka fensi. Nimeshika vitabu vya wakandarasi wa namna hii hapa Dar es Salaam kwa muda mrefu, na ninachokisisitiza kuliko vyote ni kujua faida ya kila nyumba peke yake. Fedha zote zikipita kwenye kapu moja, nyumba iliyolipa vizuri inaificha ile iliyokula mtaji, nawe unaendelea kupokea kazi za aina ileile inayokumaliza.

Kazi ipewe namba siku mteja anapotoa malipo ya awali, kabla hata ya kusafisha kiwanja. Namba hiyo iandikwe nyuma ya kila risiti, kwenye kila karatasi ya kutolea vitu stoo, na kwenye kumbukumbu ya kila malipo ya simu. Kadi ya kazi ina sehemu tatu: vifaa, ufundi, na mgawo wa gharama za uendeshaji. Daftari la kaunta linatosha kuanzia. Na yale malipo ya awali yasikuchanganye: bado ni fedha ya mteja mpaka uifanyie kazi.

Kwenye vifaa, foremani aandike vilivyotumika, si vilivyoshushwa tu. Chukua slabu ya mita za mraba 100 yenye unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita za ujazo 15 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo inakula mifuko 6 na nusu hivi ya saruji ya kilo 50, kwa hiyo slabu nzima haipaswi kuzidi sana mifuko 100. Kadi ikionyesha 130, uliza jioni ileile, maana baada ya wiki mbili kila mtu atakuwa amesahau, au atasema amesahau.

Halafu kuna vitu vinavyohama. Saruji iliyobaki Bunju inapakiwa kwenye kirikuu na kupelekwa Goba, mirunda vilevile, nondo vipande vilevile. Bila karatasi ya kuhamisha, Bunju inaonekana ghali na Goba inaonekana rahisi. Hasara ya hapo si ya kwenye makaratasi tu, kwa sababu mteja mwingine akija na ramani inayofanana na ya Goba utampa bei ya uongo. Mifuko 15 ikihama, ipunguze kwenye kadi moja na iongeze kwenye nyingine, kwa bei uliyonunulia.

Ufundi uandikwe kwa siku na kwa saiti. Vibarua ni rahisi kwa kuwa wanalipwa jioni. Fundi wa mshahara ndiye anayesahaulika. Akilipwa 600,000 kwa mwezi, ongeza mchango wa mwajiri wa NSSF (hifadhi ya jamii) wa asilimia 10 na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5, inakuwa 663,000. Kwa siku 26 za kazi ni 25,500 kwa siku, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye kadi ya saiti aliyoshinda. Mwenye wafanyakazi 10 au zaidi ana SDL pia, yaani tozo ya kuendeleza ufundi stadi.

Sasa gharama za uendeshaji: kodi ya ofisi, mafuta ya gari, mshahara wa foremani anayezunguka saiti zote, matengenezo ya mashine ya zege. Wengi wanazigawa kulingana na jumla ya gharama za kila kazi. Mimi siipendi njia hiyo kwa mazingira yetu, kwa sababu wateja wengi hununua vifaa wenyewe na kukulipa ufundi tu. Tuseme una nyumba mbili. Ya kwanza umenunua vifaa vya milioni 60 na ufundi ni milioni 20. Ya pili vifaa ni vya mteja, ufundi ni milioni 20 vilevile. Gharama za uendeshaji za kipindi hicho ni milioni 10. Ukigawa kwa jumla ya gharama, ya kwanza inabeba milioni 8 na ya pili milioni 2, ingawa foremani na gari vimezitumikia sawasawa. Kazi ya ufundi mtupu itaonekana ina faida nono, nawe utazikimbilia hizo.

Gawa kwa siku za mafundi. Kadiria gharama za uendeshaji za mwaka, tuseme milioni 36, gawanya kwa siku za kazi za mafundi wote unazotarajia, tuseme 6,000. Kila siku ya fundi inabeba shilingi 6,000. Kazi iliyokula siku 400 inabeba 2,400,000. Mwisho wa mwaka linganisha na gharama halisi, kisha rekebisha kiwango.

Mteja akisema "fundi, huo ukuta usogeze kidogo", fungua kadi ndogo chini ya namba ileile, mtumie bei kwa WhatsApp, subiri akubali, ndipo ubomoe. Nyongeza ndogondogo za mdomo zinakula faida ya nyumba za watu kuliko hata bei ya nondo ikipanda.

Usisubiri makabidhiano ndipo usome kadi. Isome msingi ukiisha, kwenye lenta, na kabla ya kupaua, ukiilinganisha na makadirio uliyompa mteja. Na ukishakabidhi funguo usiifunge bado. Plasta itakayopasuka na bomba litakalovuja ndani ya muda wa marekebisho mliokubaliana ni gharama za nyumba ileile, ziingie kwenye kadi ileile.