Re: Modemu inanirudishia nusu jibu

Mkuu, modemu yako haina shida. Umesema AT+CSQ (amri ya kuuliza nguvu ya mtandao) inaleta "+CS" tu badala ya jibu zima: ni kwa sababu programu yako inasoma mara moja na kuondoka, ilhali baiti zinazopita mlango wa siriali huja vipandevipande. Zikusanye kwenye bafa (hifadhi ya muda), kata mstari kila ukikuta \r\n (alama ya mwisho wa mstari), endelea hadi upate OK, ERROR au mstari unaoanza na +CME ERROR. Weka na kikomo cha muda. Hiyo sleep (kusubiri) ya nusu sekunde uliyoweka ni kubahatisha tu. Tuma ATE0 mwanzoni ili amri zako zisirudi kama mwangwi. RING (simu inaingia) na +CMTI (SMS mpya imefika) hujitokeza bila kuitwa, zipeleke kando. Msumbufu hasa ni AT+CMGS (amri ya kutuma SMS): ile alama ya > inayokuomba uandike ujumbe haifuatwi na \r\n, kwa hiyo itafute ndani ya bafa moja kwa moja.