Kikapu kiliwaka bwenini, ukumbini kikagoma

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, yuko Iringa, aliniandikia kwa uchungu. Kazi yake ni kikapu cha milulu kilichosukiwa waya wa shaba. Ukikamata mkono wa kikapu, taa 60 zilizomo ndani zinawaka, na kwenye skrini nyuma yake mchoro unaanza kujisuka. Bwenini kilikubali wiki nzima. Siku ya kukaguliwa kikawa kama kimelala. Anauliza afute mistari ipi ya programu.

Usifute kitu, mdogo wangu. Kwanza niambie: bwenini kompyuta ilikuwa kwenye chaja ya pini tatu, na ukumbini ilikuwa kwenye betri, sivyo?

Sensa ya mguso hupima muda ambao pini ya Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki uliyochomeka kwenye kompyuta, inachukua kujaa umeme kupitia rezista, kwa kawaida ya megaohm 1. Mtu akishika waya, muda unarefuka, kwa sababu mwili wake una uhusiano na ardhi. Bodi nayo ikiwa imeshikamana na ardhi kupitia kompyuta na waya wa ethi wa chaja, tofauti ni kubwa na kila mtu anafurahi. Ng'oa chaja, bodi inabaki inaelea, tofauti inasinyaa. Kama bwenini uliandika kwamba 500 ni mguso, ukumbini mkono uleule unaweza usifike hapo kabisa. Chaja ya pini mbili iliyolazimishwa kwenye soketi nayo ni vilevile, haina ethi.

Dawa yake ni rahisi. Tandika karatasi ya alumini ya jikoni chini ya mkeka anaposimama mgeni, uiunganishe kwa waya na GND ya bodi, yaani pini yake ya volti sifuri. (Usichokonoe tundu la ethi la soketi. Sanaa haihitaji maiti.) Halafu acha kuandika namba ya kudumu. Programu ikiwaka, isome mara 50 pasipo mtu kushika, ipate wastani, na mguso uhesabiwe kutoka hapo. Kiasi cha kuongeza juu ya wastani kipime palepale ukumbini, tena kwa mikono ya watu wengine. Kuanzia Novemba mvua zikishika, milulu hunyonya unyevu na usomaji hupanda wenyewe. Namba ya Agosti haifai Januari.

Angalia pia maungio. Waya wa shaba unaotoka kwa mafundi wa kusuka mota umepakwa vanishi. Usipoukwangua kwa wembe au msasa kabla ya kulehemu, risasi itakaa juu vizuri kabisa na umeme usipite. Ukitikisa kikapu kinawaka, ukikiacha kinazima: ndiyo hiyo.

Sasa taa. Taa moja ya WS2812B, aina ya LED ndogo inayobadili rangi kwa amri ya bodi, ikiwaka nyeupe kamili hula takriban milliampia 60. Zidisha kwa taa 60: ampia 3.6. Tundu la USB la kawaida linatoa ampia 0.5. Wanafunzi wanaujua mlinganyo huu darasani, wakifika mezani wanausahau, na nimechoka kuurudia. Dalili zake ni taa za mwisho kugeuka nyekundu au njano pale ulipoagiza nyeupe, au bodi kujiwasha upya kila taa zinapowaka. Tafuta adapta ya volti 5, ampia 4 au 5, ilishe taa moja kwa moja, na GND yake iunganishwe na GND ya bodi. Ukisahau waya huo taa zitachezacheza ovyo. Weka kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenye mlango wa umeme wa taa na rezista ya ohm 330 kwenye waya wa data. Ukikosa adapta kubwa, FastLED, maktaba ya programu ya kuendesha taa hizi, ina amri ya setMaxPowerInVoltsAndMilliamps. Iandikie 5 na kiasi ambacho adapta yako inamudu, itapunguza mwanga yenyewe.

Ulilalamika pia kwamba mchoro unachelewa, na kadiri muda unavyokwenda ndivyo unavyozidi. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, bodi inaweza kuimwagia kompyuta namba zaidi ya 100 kwa sekunde. Processing, lugha ya programu inayochora kwenye skrini yako, inachora mara 60 kwa sekunde, na programu yako inasoma namba moja kila inapochora. Zinazobaki zinapanga foleni. Processing iliasisiwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry kwa kuwafikiria wasanii, inasamehe mengi, lakini foleni haisamehi. Tuma namba kila baada ya milisekunde 20, basi. Na usiandike Serial.list()[0], yaani tundu la kwanza kwenye orodha ya kompyuta, ukaondoka: ukichomeka kwenye tundu jingine, orodha inaweza kubadilika.

La mwisho ni mgeni mwenyewe. Mtu wa Iringa anakijua kikapu tangu utotoni, kwa hiyo atashika mkono wa kikapu na atakiinua. Umefanya vema kuweka shaba hapo. Lakini waya unaotoka kwenye kikapu, ukikazwa, utang'oka kwa mgeni wa kwanza. Uache na ulegevu wa mita moja, uufunge kwa kamba kwenye kitako cha kikapu ili mvuto ubebwe na kamba, usifike kwenye risasi, kisha ukiinue wewe mwenyewe mara 20 kabla hawajaja.